Aliyekufundisha Kwenda Mbele

Redempta mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote: chandarua, vyeti vikae kwenye bahasha ya nailoni, simu usiishike mkononi ukifika stendi ya Morogoro, samaki uwale kabla ya mikate kwa sababu hawatafika Mwanza wakiwa wazima. Mimi sina cha kuongeza hapo. Wewe umekwenda Viwanja Sitini kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka bila kula. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, zile kurasa za nyuma ulizoziacha wazi.

Mama yako ameniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, "Namwandikia Reda." Akacheka: "Si umwambie tu akirudi?" Kama ningekuwa na kinywa cha kukwambia, ningekwambia miaka minne iliyopita.

Ninataka kukwambia habari za Kastori. Wewe unamjua kama yule mzee wa Michenga mwenye jicho moja, aliyekufundisha tenisi kila Jumamosi kwa miezi sita hadi nikakukataza. Nilikwambia ni mlevi. Nilikwambia jicho lake lilitobolewa na chupa kwenye ugomvi wa kilabuni. Ule ulikuwa uongo, mwanangu. Kastori hajawahi kupigana na mtu kilabuni wala hanywi pombe. Maneno yale niliyatunga mimi, nimesimama jikoni kwetu, wewe unaosha vyombo, na nilijua kabisa ninachofanya.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Wakati huo hujazaliwa. Mimi nilikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Kastori alikuwa dereva wa lori la mashine hiyohiyo. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja, tunapika sufuria moja. Karibu na hapo palikuwa na muuguzi mmoja wa makamo, Sista Gaudensia, aliyekuwa amejifunza tenisi huko alikosomea. Alikuwa na raketi nne na hana mtu wa kucheza naye, basi akatukamata sisi wawili siku moja tukitoka kazini. Akasema, "Ninyi vijana mnaokaa tu barazani, njooni mniokotee mipira, faida mtaiona."

Uwanja ule unaoujua, nyuma ya nyumba za wauguzi, tuliutengeneza sisi. Tulibomoa kichuguu, tukaponda udongo wake, tukaumwagilia, tukaushindilia kwa pipa lililojazwa zege hadi mgongo ukawa hauinuki. Wavu tuliomba kwa wavuvi wa mtoni, wavu uliochakaa, tukaukunja mara mbili ili mpira usipenye. Mvua za masika zilikuwa zinauharibu uwanja kila mwaka, na kila mwaka tulikuwa tunaurudia.

Sista alitufundisha mchezo wa kusevu, yaani kuupiga ule mpira wa kuanzisha, na kwenda. Ukisevu hubaki. Unakimbia mbele kuufuata mpira wako mwenyewe, na mpinzani anapotaka kuupiga unaruka kidogo, unatua kwa miguu yote miwili, halafu unaukuta mpira hewani kabla haujagusa chini. Hiyo ndiyo voli. Alikuwa anatuambia, "Sevu ni hodi. Mtu akishapiga hodi hazunguki kujificha nyuma ya nyumba."

Kastori alilipata jambo hilo ndani ya wiki moja. Alikuwa na sevu ya kawaida tu, lakini akishaipiga, unamwona yuko wavuni, raketi iko mbele ya kifua, ametulia kama mtu anayengoja kupokea mtoto. Mimi nilikuwa na sevu kali kuliko yeye. Watu walikuwa wanapita njia wanasimama kuitazama. Lakini nilikuwa nikisevu napiga hatua mbili mbele, ya tatu mguu unagoma. Nilikuwa naogopa mpira usoni. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu nyingine. Nikawa naficha woga wangu kwa maneno. Nikasema mimi ni mchezaji wa nyuma, kila mtu ana mtindo wake, na watu wakaamini, kwa sababu sevu yangu ilikuwa inasema mambo makubwa kuliko mwenyewe.

Basi wakaja wachezaji kutoka Morogoro mjini. Ilikuwa sikukuu, watu wamejaa pembeni ya uwanja, hata tajiri wetu wa mashine alikuja na kiti chake. Mchezo wa wawili wawili, mimi na Kastori upande mmoja. Kabla hatujaanza Kastori akanivuta kando.

"Desi, hawa ukikaa nyuma watatumaliza. Leo twende wote. Ukisevu, mimi nitakuwa pale wavuni, wewe njoo ubavuni kwangu. Nisikutafute."

Nikamwambia, "Hunitafuti. Nitakuwepo."

Tulicheza vizuri, kwa sababu mipira mingi ilikuwa inaishia kwenye sevu yangu. Mwishoni nikasevu, wale watu wakaurudisha mpira chini, katikati, mahali pangu kabisa, mahali ambapo kama ningekuwa mbele ningeugusa tu ukafa. Mimi nilikuwa bado nyuma ya mstari. Mpira ukadunda, nikaunyanyua vibaya, ukaenda juu na mfupi. Mmoja wao akausogelea, mkono uko juu kama mtu anayepasua kuni. Na Kastori, kwa kuwa hakusikia vishindo vyangu ubavuni, akageuza shingo.

"Desi, uko wapi?"

Alipogeuka kutazama tena mbele, mpira ulikuwa umefika.

Sitakuandikia sauti aliyoitoa. Alianguka magoti, viganja vyote usoni. Tulimpeleka hospitali, wakamfunga, wakamlaza, na baada ya siku kadhaa wakasema jicho la kushoto halitaona tena. Tajiri akaniita ofisini. "Wewe ulikuwa naye. Ilikuwaje?"

Nikasema, "Alizubaa, bosi. Aligeuka nyuma wakati mpira unakuja."

Kwamba aligeuka nyuma ni kweli. Hakuzubaa, mwanangu. Alikuwa ananitafuta mimi. Nilimwambia hatanitafuta, akanitafuta.

Hakuna anayempa lori mtu wa jicho moja. Akarudi kwao Michenga kulima. Siku anaondoka nilijipangia kazi ya kuhesabu magunia stoo ili nisiwepo. Na Michenga si mbali. Kwa baiskeli unakwenda na kurudi na jua bado liko juu. Sikwenda mwaka huo. Mwaka uliofuata nikaona aibu ya kwenda mikono mitupu, nikasema nitakwenda nikipata kitu cha kumpelekea. Nikaoa. Ukazaliwa wewe. Kila mwaka aibu ya kutokwenda ilikuwa inaongezeka juu ya aibu ya kwanza, mpaka ile ya kwanza ikawa haionekani vizuri. Nikaanza kuamini kweli kwamba alizubaa.

Ulipokuwa darasa la tano ulikuta raketi uvunguni ukaniomba nikufundishe. Nilifurahi sana siku ile. Nilikufundisha kusevu, na wallahi ulichukua sevu yangu yote, hadi namna ya kuinua kisigino. Lakini kila ulipotaka kuufuata mpira nilikuita: "Rudi nyuma, Reda! Nyuma ndiko kuna usalama." Ulikuwa unarudi. Ulikuwa mtoto msikivu.

Halafu ile Jumamosi ukanipokea mlangoni, una miaka kumi na sita, umejaa vumbi jekundu, huwezi hata kusubiri nivue viatu.

"Baba, nimejifunza kwenda mbele! Kuna mzee wa Michenga huwa analeta mpunga mashineni, alikuwa anapita na baiskeli akanitazama, akaniambia, 'Binti, sevu hiyo inakuita uende, mbona unaikatalia?' Ni zaidi ya mwezi sasa ananifundisha. Nilitaka nijue kwanza ndipo nikwambie. Ana jicho moja, baba, lakini anajua hatari!"

Nikakuuliza jina lake. Ulipolitaja nikasema nina kiu.

Hukujua kwamba baada ya hapo nilikuwa natoroka kazini Jumamosi na kusimama nyuma ya ule ukuta wa matofali mabichi pembeni ya uwanja. Nilifanya hivyo kwa miezi. Niliwaona. Alikuwa amekunyang'anya raketi, anakurushia mipira kwa mkono na kukwambia uidake mbele ya kifua. "Voli ni kudaka, si kupiga. Ukivuta mkono nyuma umechelewa." Alikuwa anakuchorea duara kwenye udongo kwa kidole cha mguu, hapo unapotakiwa kuruka na kutua. "Usisimame kwa kuogopa. Simama ili uone, halafu endelea." Alikuwa anakusevisha polepole, mpira uwe mbele kidogo ya kichwa ili mwili wenyewe uangukie uwanjani. "Sevu kali sana inarudi haraka, itakukuta njiani. Jipe muda." Ni maneno ya Sista Gaudensia yaleyale, lakini kwangu yalipita tu, na kwake yalikaa.

Nilikuona ukiukosa mpira mara ishirini. Nilikuona mpira mmoja ukikugonga bega, ukapiga kelele, ukacheka, ukarudi kwenye mstari kusevu tena. Binti yangu mwenyewe. Ningepaswa kutoka nyuma ya ule ukuta nikapige magoti mbele ya mtu yule. Badala yake niliingiwa na wivu, na zaidi ya wivu, hofu. Nikawaza: leo au kesho Reda atamuuliza kuhusu jicho.

Na ulimuuliza. Ulikuja ukaniambia, "Eti mpira ndio ulimpiga. Anasema alitazama pembeni tu." Hakunitaja, unaona. Alikuwa na nafasi ya kunitaja akaniacha. Ndipo nikakujibu pale jikoni, "Mlevi husema chochote," nikakutungia hadithi ya chupa. Nikakwambia si mtu wa binti kukaa naye peke yake uwanjani. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote niliyowahi kusema maishani mwangu, kwa sababu nilikuona ulivyoanza kuwaza upya kila mara alipokushika mkono kukurekebishia raketi. Mtu safi, nikampaka matope ndani ya kichwa cha mtoto.

Jumamosi iliyofuata alikuja na baiskeli yake, gunia limefungwa nyuma. Nilikuwa nimekaa pale pembeni, kwa mara ya kwanza sikujificha. Ulimpa mgongo. Hukumwamkia. Wewe, ambaye unamwamkia hata kichaa wa sokoni.

Akasema, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Ukajibu bila kugeuka, "Baba amekataza."

Akanitazama. Nilitegemea atapayuka, na ningefurahi apayuke, ningepata sababu. Akasema, "Haya," akaigeuza baiskeli akaondoka.

Morogoro, kwenye yale mashindano ya shule za mkoa, unakumbuka wewe kuliko mimi. Lakini nataka ujue nilichokiona. Umebakiza mpira mmoja ushinde. Umesevu vizuri mno. Ukaanza kwenda, nikaona kabisa unakwenda, halafu ukanitupia jicho nilipokaa, ukasimama. Hukuwa mbele wala nyuma. Ulisimama katikati, mahali pasipo na mtu, mpira ukapita miguuni pako. Kisha ukakosa mpira baada ya mpira, ukapoteza mchezo wote. Ndani ya basi ulilia hadi Mikumi, na mimi nikakwambia, "Si nilikwambia ukae nyuma?" Nilisema hivyo. Mdomo huuhuu. Ukaiweka raketi juu ya kabati, ikakaa huko miaka miwili.

Ulipoichukua tena hukuniomba ruhusa. Ulianza kuwafundisha watoto wa mtaani kwa mipira iliyokwisha manyoya, na nilisikia unawaambia, "Voli ni kudaka." Mwezi uliopita ukaketi hapahapa ninapokaa, unajaza fomu ya chuo cha walimu wa michezo. Ukasoma kwa sauti: "Nani alikufundisha mchezo huu?" Ukaandika, huku unatabasamu: Baba yangu, Desderi. Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Kesho yake nilikwenda Michenga.

Nilimkuta shambani kando ya nyumba yake anapiga mpunga, yeye na mkewe. Amezeeka kuliko mimi, ingawa tuko rika moja. Mkewe alinijua kabla hajaambiwa. Alinipa kigoda na kikombe cha maji, lakini alikiweka chini, hakunipa mkononi. Kastori hakuacha kupiga mpunga.

Nikasema, "Kastori, nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa jicho."

Akapiga fungu moja, akapiga la pili. "Jicho lilichukuliwa na mpira. Ulikuwa unaogopa, nami nilikuwa najua unaogopa, nikakulazimisha. Hapo tuna sehemu yetu wote. Lingine?"

Alikuwa anajua nina lingine na hakuwa tayari kunisaidia kulitoa.

"Ulijua kwamba Reda ni binti yangu?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza. Anasevu kama wewe."

"Sasa kwa nini ulimfundisha?"

"Kwa sababu alikuwa anabaki nyuma."

Ndipo akaacha kazi, akaketi juu ya majani. Akasema, "Desi, jicho nimelizoea. Nalima, navuka mto, nasoma somo kwenye misa. Ile Jumamosi sijaizoea. Mtoto yule alikuwa akiniona ananikimbilia kuniamkia. Siku ile alinipa mgongo. Ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, chupa, kilabu, na lile la mwisho. Mkewe alikuwa anasikia. Alinyanyuka, akakichukua kile kikombe nilichokuwa bado sijakinywa, akamwaga maji chini, akaenda zake ndani. Sikumlaumu.

Kastori alipukuta makapi mikononi. Halafu akasema, "Mimi usiniombe radhi. Mwambie yeye."

Nikamsihi. Nilimwambia unasafiri, una mambo mengi, nikuache ufike kwanza, nitakuandikia polepole ukishatulia. Unaona? Hata pale nilikuwa narudi nyuma.

"Hapana," akasema. "Mwambie kabla hajaondoka. Akitaka kukutazama usoni, uwe karibu. Usipomwambia, usije tena hapa."

Nimechukua wiki tatu zote. Leo ni siku ya mwisho, na hata leo nimechagua kalamu badala ya kinywa. Nitaiacha barua hii juu ya begi lako. Utaisoma nikiwa chumba cha pili, kwa hiyo nipo. Ukitaka kuja kuniuliza, njoo. Ukitaka kunipigia kelele, mama yako atashangaa, lakini naye nitamweleza. Yeye pia anaamini habari ya chupa. Ukitaka kukaa kimya, sitagonga mlango wako.

Mwanangu, sikupi mafundisho. Sina mahali pa kusimama nikayatoa. Ninachojua ni kwamba mimi sikuwa mtu mbaya siku ile ya mpira, nilikuwa mwoga tu, na mwoga angeweza kusamehewa na kila mtu jioni ileile. Ubaya wote ulikuja baadaye, katika kuuficha woga. Huko uendako utaogopa. Utawafundisha watoto wanaoogopa. Mmoja wao akisimama katikati, usimcheke, wala usimwambie arudi.

Na usifikiri uliyoyatenda Jumamosi ile ni yako. Ulimtii baba yako. Ni yangu.

Jana nilituma ujumbe Michenga kupitia kwa kijana wa bodaboda, kwamba basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kastori amerudisha jibu kwamba atakuja stendi. Hakunitumia salamu mimi, amesema tu, "Mwambie binti nitakuwepo."

Ukimwona, usinisubiri wala usinitazame kuomba ruhusa. Mimi nitabaki na mizigo yako, nitahakikisha imepakiwa. Wewe nenda kwake, umwamkie kwanza yeye, ukae naye kadiri anavyotaka. Na kama dereva atapiga honi kabla hujanifikia mimi kuniaga, panda tu, mama. Panda.

Baba yako,
Desderi